Saa Kumi na Mbili na Dakika Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilisahauliwa kwenye benchi la jukwaa la pili. Mwenyewe hajaja kuliulizia. Sheria ya vitu vilivyosahauliwa ni siku tisini, na leo ni ya tisini na moja, kwa hiyo sasa ni langu. Nimelikagua ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuandika. Huwezi kujua watu wanaacha nini kwa makusudi.

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na paa la stesheni limeanza kuvuja pale pale lilipovuja mwaka jana, baada ya kuambiwa limezibwa.

Mume wangu amehamishiwa treni ya jioni. Yeye ni mkaguzi wa tiketi, mimi nakaa dirisha la maulizo. Miaka ishirini na sita reli imetulisha sote wawili, na jioni tulikuwa tunarudi nyumbani pamoja. Sasa mimi nitatoka alfajiri yeye bado kalala, naye akirudi atanikuta nimelala. Mkuu wa stesheni anasema ni kwa msimu huu wa mvua tu. Kwa nini yeye na si mwingine, hakusema.

Tumekubaliana hivi. Treni yake ikifika kituo cha tatu husimama dakika tano kuipisha treni inayoingia mjini. Saa kumi na mbili na dakika kumi tutaongea kwa simu. Dakika tatu zinatosha: umekula nini, goti linasemaje, mtoto kapiga kutoka chuoni au hajapiga. Baada ya hapo treni inaingia bondeni, na huko hakuna mtandao kabisa. Hizo dakika tatu ndizo ndoa yetu mpaka mvua ziishe.

Mchana alipofika kazini, mimi nimezungukwa na foleni dirishani, alisimama chini ya saa kubwa ya stesheni, akarekebisha saa yake ya mkononi kama afanyavyo kila siku. Nami nikarekebisha yangu. Watu wa reli ndivyo tulivyo, kwetu dakika si kitu cha kukadiria.

5 Machi

Nimepiga saa kumi na mbili na dakika kumi kamili. “Namba ya simu unayopiga haipatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye.” Nimesubiri dakika moja kamili, nikapiga tena. Ikapita dakika nyingine, nikapiga tena. Ni yule yule dada, na maneno ni yale yale.

6 Machi

Haipatikani. Mvua.

7 Machi

Haipatikani. Huyu dada wa kwenye simu ana sauti ya mtu anayejua zaidi ya anavyosema.

Jumapili, 10 Machi

Leo alikuwa na mapumziko. Alikuwa anapiga viatu rangi kibarazani, nami nikaleta kiti nikakaa.

“Mbona jioni hupatikani?”

“Hata wewe hupatikani,” akasema, macho kwenye kiatu.

Mimi nakaa dirishani kutwa nzima, juu ya kichwa changu kuna kibao cha MAULIZO kinachosomeka toka ng'ambo ya barabara. Stesheni yote inajua nilipo. Ukimwuliza mtu habari zake akakujibu kwa zako, jua kuna kitu anakifunika. Sina wivu mimi. Nina macho tu.

11 Machi

Mkuu wa stesheni ametukusanya. Kampuni ya simu itaboresha mtandao kwa ajili ya wasafiri, hapa stesheni, kwenye mitaa ya maduka inayotuzunguka, na kituo cha tatu treni zinapopishana. Bondeni wataenda awamu nyingine, hakusema lini. Tutoe ushirikiano. Nilipouliza paa litazibwa lini, akasema hilo ni fungu jingine.

Alhamisi, 14 Machi

Fundi wao amekuja saa nne asubuhi. Ni binti wa miaka thelathini hivi, amejifunga ubao kifuani wenye simu nne, anatembea jukwaani taratibu huku anaandika. Amezunguka saa nzima. Akaja dirishani kuomba maji.

“Mama, hapa pako vizuri,” akasema. “Alama zote za mtandao zimejaa.”

“Unaona watu wangapi humu, binti?”

Akageuka. Kulikuwa na mfagiaji, mimi, na mzee mmoja aliyekosa treni ya saa tatu.

“Basi umekuja kupima maji ya mto wakati wa kiangazi,” nikamwambia. “Njoo saa kumi na mbili jioni uone kama utaweza hata kumpigia mamako.”

Akacheka. Hakuchukia. Watu wasiochukia wakiambiwa ukweli huwa nawatazama mara mbili.

19 Machi

Kumbe amenisikiliza. Leo kaja jioni na simu zake nne, katikati ya watu wanaosukumana, miavuli inachuruzika, kila mtu kashika simu juu anaitafutia mtandao. Ubao wake umegongwa na kila begi lililopita. Alipofika dirishani jasho linamtoka.

“Mama, ulisema kweli. Alama zimejaa na simu haitoki hata moja.”

“Inakuwaje hivyo?”

“Alama zinakwambia barabara ipo. Hazikwambii foleni. Wote hawa wanapiga kwa wakati mmoja, mnara unalemewa. Asubuhi hauna kazi.”

“Na yule dada anayesema mtu hapatikani?”

“Naye husema hivyo hivyo hata ukilemewa mtandao. Si lazima mtu awe kazima simu.”

Nimelifikiria hilo njia nzima. Linaweza kuwa kweli. Lakini pia ni jibu zuri mno, na mume wangu angelipenda.

22 Machi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana kibanda cha vocha mlangoni mwa stesheni. Nimemweleza, nikamkanya asimwambie mtu.

“Kaka yangu namjua,” akasema. “Mpole, hana makuu.” Akahesabu chenji ya mteja, akanirudia. “Lakini, wifi, kimya kingi kina mshindo mkuu.”

Sikumwendea kwa hilo. Nilimwendea aniambie najisumbua bure.

26 Machi

Haipatikani. Siku ya kumi na tisa, nikiondoa za mapumziko.

2 Aprili

Mafundi wamefunga vikasha vyeupe chini ya paa la jukwaa, kimoja juu kabisa ya dirisha langu. Mfagiaji amekataa kufagia chini yake, anasema kichwa kinamgonga. Nilimwambia vikasha bado havijaunganishwa na umeme. Akasema kichwa chake hakikujua hilo.

Fundi ameniambia vitawashwa Jumanne, na vya kituo cha tatu siku hiyo hiyo. Nikahesabu siku kwa vidole. Vikishawashwa, hakuna tena foleni, hakuna tena kulemewa. Mtu akikosa kupatikana, amekosekana mwenyewe.

Jumanne, 9 Aprili

Wamewasha saa tisa alasiri. Jioni nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia stesheni hii: watu wanaongea kwa sauti ya kawaida. Hakuna “haloo, haloo, unanisikia?” Mama mmoja alimaliza kumwelekeza mwanawe namna ya kupika, toka mwanzo hadi mwisho, mbele ya dirisha langu. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nimeshika simu, nangoja mshale wa dakika.

Mshale ulipogusa kumi, nikapiga.

Haikusema haipatikani. Ilisema: “Mteja unayempigia anaongea na simu nyingine.”

Nikasubiri dakika moja. Anaongea na simu nyingine. Dakika nyingine. Anaongea na simu nyingine.

Baba mmoja alikuwa ananiuliza treni ya kwenda pwani inatoka jukwaa gani. Nikamwambia la nne. Ni la kwanza. Natumaini aliuliza mtu mwingine.

10 Aprili

Anaongea na simu nyingine.

11 Aprili

Anaongea. Mara tatu.

12 Aprili

Sasa naelewa. Mwezi mzima nilidhani mtandao unamficha, kumbe ulikuwa unanisitiri mimi. Mtu kukosa kupatikana ni jambo moja. Kupatikana, tena kwa dakika ile ile tuliyokubaliana ni yangu, akaigawa kwa mwingine, hilo limenichoma mpaka chini ya mbavu. Angechagua hata saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimemwona fundi akipanda treni ya jioni. Simu nne kifuani, begi mgongoni. Nikamwuliza mkuu wa stesheni kwa njia ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

“Anapima mtandao wa abiria njiani,” akasema. “Wiki mbili.”

Wiki mbili kwenye treni ya mume wangu. Na mimi ndiye niliyemwambia aje jioni.

16 Aprili

Mume wangu amempokea begi. Nimeona kwa macho yangu toka dirishani. Alilipokea kwa mikono miwili, akamtangulia kumfungulia mlango wa behewa. Mimi mara ya mwisho kupokewa kitu ilikuwa gunia la mkaa, na ilikuwa kwa sababu nililia.

Saa kumi na mbili na dakika kumi: anaongea na simu nyingine. Kwa nini ampigie wakati yuko naye behewa moja, hilo sijalipatia jibu. Nitalipata.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeshindwa kuvumilia. Asubuhi sikutoka mapema. Nilimwambia mkuu nina homa, nikakaa mezani mpaka alipoamka. Alishtuka kuniona.

“Hujaenda kazini?”

“Saa kumi na mbili na dakika kumi unaongea na nani?”

Alinitazama. Kuna kitu kilipita usoni mwake ambacho sijawahi kukiona kwa miaka yote hii, kama mtu aliyedaiwa deni alilofikiri yeye ndiye anayelidai.

“Nakupigia wewe,” akasema.

“Mimi?”

“Wewe.”

Uongo mwingine unakuja umevaa vibaya, unaujua toka mbali. Huu alikuwa ameuogesha na kuupaka mafuta. Nikamwambia, “Ungenipigia, simu yangu ingelia. Ina kazi gani nyingine?”

“Hilo ndilo nami najiuliza,” akasema, akaenda kuoga.

Hajawahi kunijibu kwa kejeli. Sasa ameanza, na najua amefundishwa na nani.

20 Aprili

Sikumfunikia chakula leo.

21 Aprili

Jumapili. Tumekula kimya. Mvua imepiga bati kutwa, na angalau yenyewe ilikuwa na la kusema.

23 Aprili

Nimehamia chumba cha mtoto. Kitanda chake ni kifupi. Hakuniuliza kwa nini, na mtu asiyeuliza anajua.

Jumatano, 24 Aprili

Mkuu wa stesheni amepita dirishani, akasimama kidogo kama anatafuta maneno.

“Mumeo akihamishwa treni nyingine, nyumbani patakuwa na tatizo?”

“Kuna tatizo gani? Mpeleke popote reli inapofika.”

“Una hakika, mama?”

“Mkuu, nina foleni hapa.”

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaondoka. Naye ana lake, huyu. Mtu haulizi swali la aina hiyo bure.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua ya leo sijui niiite nini. Reli imefunikwa maji kilomita mbili toka mjini, treni zote za jioni zikashikiliwa mpaka saa mbili. Yake ilikuwa imeshatoka. Watu walijaa jukwaani mpaka kwenye ngazi, na barabarani mabasi hayaendi. Mwaka jana siku kama hii walivunja kioo changu, kwa sababu kila mtu alitaka habari na mimi ndiye nilikuwa habari peke yake.

Leo hawakunisogelea. Kila mtu kashika simu, anamwambia mtu wake: niko stesheni, usiogope, mlaze mtoto, nitachelewa. Msichana mmoja wa sare alikuwa analia, akampata babake, akaacha kulia hapo hapo. Maelfu ya watu, na wote wamepata wanaowatafuta. Vile vikasha vyeupe vimefanya kazi yake, siwezi kumnyima fundi haki yake hata kama ni adui.

Nilipiga saa kumi na mbili na kumi. Anaongea na simu nyingine. Treni yake imezungukwa na maji, sijui yuko hai au la, na anaongea na simu nyingine.

Nililia, kibao cha MAULIZO kiko juu yangu. Bibi mmoja akaniuliza kama nami nimekosa treni. Nikamwambia ndiyo.

Jumanne, 30 Aprili

Niandike yote, hata kama mkono unauma.

Leo fundi alikuja kumaliza kazi. Alihitaji sahihi ya mkuu, na mkuu alikuwa kwenye kikao, akaja kusubiria kwangu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nikaning'iniza kibao cha “Nimetoka kidogo”, nikamfungulia mlango wa pembeni.

“Karibu ndani, binti.”

Akaingia, akakalia sanduku la vitu vilivyosahauliwa. Nikafunga mlango.

“Unamjua mkaguzi wa tiketi wa treni ya jioni?”

“Yule mzee mpole? Namjua sana.”

“Sana kiasi gani?”

Tabasamu likapungua. “Mama, kuna nini?”

“Saa kumi na mbili na dakika kumi anaongea na nani?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu. Nilikuwa nimejiandaa hata kumpiga, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshakiona kigingi cha mlango na mahali pa kukishika.

“Haongei na mtu,” akasema. “Ndiyo maana namhurumia. Treni ikisimama kituo cha tatu anaenda mlangoni, anatazama saa yake mpaka mshale ufike, anapiga. Halafu anaguna. Anasubiri, anapiga tena. Mara tatu, anaitia mfukoni. Nilidhani mitambo yangu ina kasoro, nikamwuliza, mzee, inakataa? Akasema haikatai, ila huyo mtu anaongea na simu nyingine. Kila siku, mama. Hata ile Ijumaa ya mafuriko, maji yanapita chini ya mabehewa, yeye kasimama mlangoni anapiga.”

“Hukumwuliza ni nani?”

“Nilimwuliza. Akasema, mke wangu, siku hizi ana maneno mengi lakini si na mimi.”

Nikakaa. Kiti kilikuwepo, nashukuru.

“Mimi ndiye huyo mke,” nikasema.

Akanitazama. Simu zake nne zilikuwa zinawaka kifuani, moja baada ya nyingine.

“Na wewe, mama, saa hiyo unaongea na nani?”

“Siongei na mtu. Nampigia yeye.”

“Saa ngapi hasa?”

“Na dakika kumi. Kamili.”

“Kwa saa ipi?”

Nikanyoosha kidole kwenye saa kubwa ya stesheni.

“Na yake anairekebisha kwa ipi?”

Kidole changu kilikuwa bado pale pale. Binti alikuwa ameshaweka kiganja mdomoni.

Akanieleza polepole kama anamfundisha mtoto. Watu wawili wakipigiana kwa wakati mmoja, kila simu inamkuta mwenzake ana shughuli. Simu zetu za vitufe, za zamani, haziachi hata alama kwamba mtu alijaribu. Kawaida mmoja anachoka, mwingine anapata. Ila sisi kila mmoja alikuwa anasubiri dakika moja kamili kisha anarudia, kwa sababu hivyo ndivyo reli ilivyotufundisha: usiseme “kidogo”, sema dakika ngapi.

“Na kabla ya vikasha vyako?”

“Kabla ya hapo nyote mlikuwa mnagongea mlango uliosongwa na watu. Nilipoufungua, mkakutana mlangoni.”

Tulikubaliana tutaongea. Hakuna aliyesema nani apige. Kila mmoja alijipa kazi hiyo mwenyewe, maana kila mmoja aliona ndiye anayejali zaidi.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika nane.

“Leo usipige,” akasema.

Nimezaa, nimezika mama yangu, nimesimama mbele ya umati wa watu wenye hasira. Hakuna lililonishinda kama kukalia mikono yangu miwili huku mshale unagusa kumi. Nilisema moyoni, isipolia nitajua. Hata pale, baada ya yote niliyoambiwa, bado nilisema hivyo.

Ikalia.

Nilichelewa kuipokea kwa sababu nilikuwa nimesahau mlio wake.

“Haloo?” Yeye ndiye aliyeshtuka. Kisha kwa sauti ya chini: “Leo umeshamaliza kuongea naye?”

“Na nani?”

“Huyo wa kila siku.”

“Ni wewe,” nikasema. “Baba, ni wewe. Nilikuwa nakupigia. Dakika kumi kamili, kwa saa ya stesheni. Mimi nakupigia, wewe unanipigia.”

Nilisikia treni ya mjini ikipita upande wake, behewa baada ya behewa, mpaka la mwisho.

“Toka mwanzo?” akauliza.

“Toka mwanzo.”

“Yaa Rabi.” Kipenga kikapulizwa. “Sikiliza, mke wangu. Basi mimi nimefanya jambo. Wiki mbili zilizopita nilimwandikia mkuu—”

Treni ikaingia bondeni.

Fundi alikuwa anatazama sakafu. “Bonde bado,” akasema, kama anaomba radhi yeye.

1 Mei

Sikulala mpaka aliporudi. Nilikuwa nimemfunikia chakula.

Jambo lenyewe ni hili. Ameomba kuhamia treni ya masafa, ile inayokwenda mpakani: siku nne kwenda na kurudi, moja nyumbani, inaanza tena. Ameomba mwaka mzima. Barua ilishapitishwa.

“Kwa nini?” nikamwuliza, ingawa nilijua.

“Nilidhani nakupisha,” akasema. “Njia ikiwa na mwingine, treni inasimama pembeni. Nifanyeje, nigombane na wewe?”

Mimi nilikuwa tayari kumpiga binti wa watu kwa kigingi cha kufungia mlango. Yeye alikuwa anajiondoa taratibu asinisumbue. Miaka ishirini na sita, na kila mmoja alikuwa amemfikiria mwenzake mabaya kwa tabia yake mwenyewe.

Nikamweleza na langu. Nikamweleza Jumatano mkuu aliniuliza nini, na nilijibu nini. Mpeleke popote reli inapofika. Alicheka kidogo, halafu hakucheka.

2 Mei

Wifi ameambiwa. Kasema, “Mimi nilijua toka mwanzo kaka yangu hawezi.” Nimenunua vocha kwa mtu mwingine.

Jumatatu, 6 Mei

Tumeenda kwa mkuu wa stesheni wote wawili, tumevaa sare, tumesimama kama wanafunzi waliochelewa.

“Mzee, wewe uliniandikia kwa mkono wako,” akasema. “Mama, wewe nilikuuliza, nikakuuliza tena. Barua ilikwenda makao makuu kwa sababu nyinyi wawili mlikubaliana.”

“Hatukukubaliana,” mume wangu akasema. “Tulisema kitu kimoja kila mtu kivyake.”

Mkuu akavua miwani akaifuta. Nimemshuku mtu huyu kwa kila kitu toka Machi, na leo nimeona ana huruma. Lakini mkaguzi mpya wa treni ya jioni ameshapangwa, na treni ya masafa haina mtu. Mwaka mmoja. Ukiisha, mume wangu ndiye atakuwa wa kwanza kurudishwa.

9 Mei

Mvua imepungua. Tumeongea dakika tatu. Anapiga yeye, mimi nasubiri. Kala wali. Goti linatabiri mvua nyingine.

10 Mei

Dakika tatu. Mtoto kapiga toka chuoni.

11 Mei

Dakika tatu, na ya nne tuliyoiba treni ya mjini ilipochelewa.

Jumatatu, 13 Mei

Ameondoka saa tano asubuhi. Nilimpokea begi, nikamtangulia, nikamfungulia mlango wa behewa. Mfagiaji alitutazama mpaka nikamwuliza kama kichwa kimepona.

Tulirekebisha saa zetu chini ya ile kubwa, kwa mazoea tu. Huko anakokwenda njia nzima haina mtandao, toka ukivuka bonde mpaka mpakani. Nilimwuliza fundi lini watafika huko. Akafungua karatasi zake akatafuta kwa uaminifu, akasema, “Mama, huko hata kupimwa bado.”

“Saa kumi na mbili na kumi ujue nakukumbuka,” mume wangu akasema.

“Nani anaanza?” nikamwuliza.

Jumatatu, 20 Mei

Jua limewaka kutwa, paa limekauka. Jukwaani watu wanaongea na watu wao kana kwamba imekuwa hivi siku zote. Mtoto aliyezaliwa msimu huu hatajua kwamba zamani watu walikuwa wanapotezana kwenye stesheni hii wakiwa umbali wa hatua ishirini.

Mshale ulipogusa kumi, nikapiga. Sikuwa namtafuta. Mkono ulikwenda wenyewe.

“Namba ya simu unayopiga haipatikani kwa sasa,” akasema yule dada.

Nimemsikiliza mpaka mwisho. Kumbe ana sauti nzuri, na hakuna anachoficha.

“Najua, dada,” nikamwambia. “Najua aliko.”

Kisha nikamwelekeza baba mmoja jukwaa la kwanza, treni ya kwenda pwani.